Taa za Nyuma Nilizozitia Giza

Mnakuja hapa kwangu Ikonge mkiwa wawili watatu, simu mkononi, mnanionyesha video ya mtu aliyevaa glavu nyeusi akipuliza rangi kwenye taa za nyuma za gari. Dakika tatu baadaye taa zake zinang'aa kama miwani ya jua. Kisha mnaniuliza, "Mzee Nyakundi, hii kitu inawezekana hapa nyumbani?"

Inawezekana. Nimeifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Nimepaka magari rangi tangu nilipokuwa na nywele nyingi kichwani hadi kifua kilipoanza kulalamika na daktari akaniambia nichague kati ya kopo la rangi na mapafu. Sasa nachuma chai na kujibu maswali yenu. Lakini mkiondoka na jibu la mbinu peke yake, nabaki na wasiwasi, kwa hiyo leo nimeamua kuwaandikia yote, mbinu pamoja na mambo yaliyonipata.

Tuanze na mbinu, maana najua ndiyo mnayoitaka.

Taa usiipulizie ikiwa bado kwenye gari. Fungua buti, utaona nati mbili au tatu nyuma ya kapeti. Zitoe, vuta taa polepole, chomoa waya. Ioshe kwa maji na sabuni ya vyombo, uioshe tena, halafu ikaushe. Chukua msasa laini wa maji, ule wa namba elfu moja, uusugue juu ya taa huku maji yanatiririka, mpaka ule mng'ao wote uishe na taa ionekane kama imevuviwa pumzi. Hapo wengi wenu mtaingiwa na hofu kwamba mmeiharibu. Msiogope. Rangi haishiki mahali panapoteleza.

Kisha unaipangusa kwa spiriti. Nimesema spiriti, sikusema thina ya kuzimulia rangi, na sababu ya kusisitiza hivyo ina hadithi yake.

Kazi nilifundishwa na Fundi Saidi, Mungu amrehemu, mtu wa mjini Kisii ambaye babu yake alikuja na biashara ya nguo akaoa hapahapa. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko, mabati manne na pazia la gunia. Nilifika kwake nikiwa na Kiswahili cha shule, kile cha kujibia mtihani, na siku ya kwanza aliponiuliza nani amenifulia shati likawa safi vile nikamjibu kwamba ni baba. Akanitazama kwa heshima kubwa. Kwa wiki nzima aliwaambia wateja kwamba sisi Wagusii tuna akina baba wa ajabu, wanafua na kupiga pasi. Siku mama aliponiletea chakula nikamwita "baba" mbele yake, ndipo alipoelewa kwamba kwa lugha yetu baba ni mama, na tata ndiye baba. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya tairi. Toka siku hiyo mama yangu akipita sokoni alikuwa akimwamkia, "Shikamoo baba."

Sasa, mwezi wangu wa pili pale, Fundi Saidi aliniachia taa ya nyuma ya gari la mchungaji mmoja niisafishe lami iliyorukia. Nikafikiri: lami hutolewa kwa nini? Thina. Nikamwaga thina kwenye kitambaa nikasugua kwa bidii ya mtu anayetaka kusifiwa. Lami ilitoka. Dakika moja baadaye ile taa nyekundu ilianza kugeuka nyeupe kama maziwa yaliyochacha, kisha ikaota nyufa ndogondogo kama matope ya kiangazi. Plastiki haipatani na thina, vijana wangu. Fundi Saidi alipokuja hakunipigia kelele. Alinipa ile taa akaniambia niitundike kwenye msumari juu ya mahali ninapoweka chakula changu, niitazame kila ninapokula. Nilikula nikiitazama mwaka mzima.

Huyo ndiye aliyenifundisha kila kitu, isipokuwa hili mnaloniuliza. Hili alilikataa. Siku moja alikuja dereva wa teksi akitaka taa zake za nyuma ziwe nyeusi kama za gari aliloliona Nairobi. Fundi Saidi akamwambia atampaka mlango, boneti, hata paa la nyumba yake akitaka, lakini si taa. Yule dereva akasema gari ni lake. Fundi Saidi akamjibu, "Gari ni lako. Taa ya nyuma ni ya mtu anayekufuata."

Mimi nilidhani ni uzee. Nilikuwa na umri wenu.

Fundi Saidi alipofunga karakana kwa sababu ya macho, nilirudi hapa Ikonge nikajenga kibanda changu kando ya nyumba. Wakati huo makopo ya rangi ya kupuliza yalikuwa yameanza kujaa madukani, na pamoja nayo rangi ile nyeusi nyepesi inayopitisha mwanga, iliyotengenezwa kwa ajili ya taa. Mtu wa kwanza alikuja, nikamfanyia. Akaja wa pili. Nilijifunza mwenyewe, na nilijifunza kwa kuharibu.

Nilijifunza, kwa mfano, kwamba hapa kwetu saa ya kupuliza ni asubuhi. Mnajua mvua yetu ilivyo. Saa nane mchana inaanza kukusanyika kule juu, hewa inajaa maji kabla hata tone moja halijaanguka, na rangi ukiipuliza wakati huo inapata ukungu mweupe ndani yake ambao hautoki kwa kufuta. Puliza saa nne asubuhi, umande ukishakauka. Tikisa kopo mpaka mkono uchoke, kisha ulitikise tena. Simama umbali wa shubiri moja na nusu. Anza kupuliza kabla ya kuifikia taa na uache baada ya kuipita, mkono ukienda sawasawa kama unayepangusa meza. Koti ya kwanza, yaani mpako wa kwanza, iwe nyepesi kiasi kwamba mtu akiuliza utaanza lini usiweze kumlaumu. Ngoja dakika kumi au kumi na tano. Wengi wanaharibu hapo kwenye kungoja.

Nilijifunza pia kuhusu upepo. Mke wangu, Kemunto, ambaye majirani wote wanamwita Mama Moraa kwa jina la binti yetu, ni shemasi kanisani kwetu, na mashemasi wa kike siku ya meza ya Bwana huvaa nguo nyeupe. Ijumaa moja asubuhi alianika nguo yake nyeupe kwenye kamba, nami nikawa nimetundika taa mbili kwenye mgomba, hatua kama kumi hivi. Sikuufikiria upepo. Alipokuja kuanua, bega moja la ile nguo lilikuwa na rangi ya moshi, imeshika vizuri kabisa, haina hata mchirizi. Aliigeuza, akaitazama mbele na nyuma, akasema kwa utulivu kwamba kwa mara ya kwanza ameona kazi yangu ikitoka bila kasoro. Sabato ile alikwenda kanisani na shuka jeupe begani, na akina mama wengine wakadhani ni mtindo mpya. Mwezi uliofuata watatu walivaa vivyo hivyo.

Nawaambia haya mpate kumjua, kwa sababu yanayofuata yanamhusu yeye.

Alikuwapo mwalimu kijana wa sekondari akiitwa Momanyi, mtu wa Ekerenyo. Alikuwa amenunua gari lake la kwanza, dogo, la kijivu, na alilipenda vile mtu anavyopenda kitu cha kwanza. Alinijia Jumapili asubuhi, tukafungua taa pamoja. Nikapuliza koti mbili. Kwa kweli mbili zilitosha. Taa ilikuwa na kivuli kizuri, na nyekundu yake bado ilikuwa inaonekana vizuri ndani. Akaitazama akasema bado inaonekana nyekundu. Nikaongeza ya tatu. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande, akaniomba niongeze moja tu.

Mkono wangu ulijua. Nataka mnielewe hapo. Sikuwa mgeni wa kazi. Kuna mahali unafika mkono unakuambia imetosha, na mimi niliusikia mkono wangu ukisema. Lakini alikuwa amefurahi sana, na mimi napenda mtu afurahi na kazi yangu. Nikaongeza ya nne. Baadaye nikaweka klia, ile vanishi isiyo na rangi, koti mbili nzito, nikangoja ikauke, nikaisugua kwa msasa wa namba elfu mbili na kuing'arisha kwa nta. Zikatoka nyeusi kama kiatu cha askari. Hata kile kipande kidogo kinachorudisha mwanga wa gari linalokuja nyuma, ambacho hakipaswi kuguswa kabisa, nilikuwa nimekifunika rangi. Tulizirudisha kwenye gari, akakanyaga breki nami nikatazama kwa karibu, mikono nimeikinga juu kama kofia. Nikaona wekundu. Nikamwambia ziko sawa.

Miezi michache baadaye, Sabato moja, Mama Moraa nami tulikuwa tukienda Ekerenyo kwenye mkutano wa makanisa. Tulikuwa na pikapu yetu kuukuu. Tulitoka mapema kwa sababu yeye alikuwa na zamu ya kupokea wageni. Mnaujua ule ukungu wetu wa asubuhi, unavyokaa kwenye mashamba ya chai kana kwamba umelipia kodi. Sikuwa naendesha kwa kasi. Mbele yetu kulikuwa na gari, nilikuwa naliona na kulipoteza, naliona na kulipoteza, kwa sababu lilikuwa na rangi ileile ya ukungu. Tulikuwa tunazungumza juu ya Moraa, kwamba amekataa posa ya mtu mmoja wa Kenyenya. Mama Moraa alikuwa anacheka.

Ng'ombe aliingia barabarani. Yule wa mbele akashika breki. Mimi sikuona kitu. Sikuona nyekundu yoyote. Niliona ukungu, kisha nikaona buti la gari likiwa limejaa kioo chote cha mbele, na mguu wangu ulipofika kwenye breki tulikuwa tumeshagonga.

Nilimsikia Mama Moraa akivuta pumzi. Hakulia. Alikuwa ameweka mkono mbele kujikinga, na kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimekaa upande ambao mkono haukai. Nilizunguka nikamfungulia mlango, nikamketisha kwenye nyasi na kumfunga mkono kwa kitambaa chake cha kichwa. Ndipo mwenye lile gari alipotoka, akashika kichwa, akatujia. Alikuwa Mwalimu Momanyi. Hakuwa ameumia. Alikuwa anasema maneno yaleyale tena na tena, kwamba ameshika breki ghafla, kwamba ni ng'ombe, kwamba tumsamehe.

Nilipoinama kutazama gari lake, miguuni mwangu kulikuwa na vipande vya plastiki. Nikaokota kimoja. Mtu anaujua mwandiko wake popote atakapouona, na mimi niliijua kazi yangu: koti nne, klia nzito, nta juu yake. Hata kando yake kulikuwa laini, nilivyopenda kupalainisha. Nilikitia mfukoni mwa koti langu la Sabato kabla Momanyi hajanifikia.

Nilifanya hivyo, vijana wangu. Nilikificha.

Hospitali walimfunga Mama Moraa plasta hadi kiwikoni. Askari aliyekuja kuandika habari za ajali aliandika ukungu na ng'ombe. Hakuna aliyeuliza kuhusu taa. Zilikuwa vumbi barabarani. Kila mtu alikuwa na maelezo ya kumtosha. Momanyi alikuja kumtazama mgonjwa mara tatu wiki ile, akileta uji kwenye chupa ya chai, na kila mara aliomba msamaha kwa kushika breki. Na mimi nilikaa kwenye kiti palepale, nikamwacha aombe.

Jamani, jambo hilo ndilo linalonisumbua hadi leo. Gari kugonga, nimejisamehe kidogo. Lakini kumtazama mtoto wa watu akibeba kosa langu, na mimi nampokea chupa ya uji na kumwambia asante, hilo bado linanichoma.

Tuliporudi nyumbani msimu wa chai ulikuwa umepamba moto. Mama Moraa ni mchumaji ambaye mikono yake miwili ilikuwa inakwenda kama ya mtu anayekamua. Sasa alikuwa anachuma kwa mkono mmoja wa kushoto, jani moja moja, kikapu kinampiga ubavuni. Binti yetu alikuja kutusaidia, na majirani wakachuma mistari yetu bila kuombwa. Mimi nilijishughulisha kupiga pasi, kupika, kufua, na watu wakanisifu. Nilimkumbuka Fundi Saidi na akina baba wake wa ajabu, ila sikuweza kucheka.

Jioni moja nilikuta kile kipande juu ya meza, kando ya kikombe changu. Alikuwa amelipiga brashi koti langu la Sabato kwa mkono mmoja.

Akaniuliza, "Hiki ulikuwa unamficha nani?"

Nilimwambia yote. Nilimweleza koti ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile ya nne. Nilimweleza mkono wangu ulivyonikataza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, plasta ameilaza juu ya meza kama kitu kisicho chake. Nilipomaliza akasema kwamba siku ile hata yeye alikuwa anatazama mbele huku anacheka, na yeye pia hakuona taa. Alikuwa amejua tangu tulipokuwa kwenye nyasi.

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe, Baba Moraa," alisema. "Ulichelewa kidogo."

Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea. Aliuliza magari mengine ni mangapi. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, kwa rangi na kwa wenyewe: lile jeupe la muuza mbolea, lile la bluu la dada anayefanya kazi maabara, lile jekundu la mwimbaji. Yalifika kumi na manne.

Kesho yake nilikwenda kwa Momanyi. Nilimkuta anasahihisha vitabu chini ya dirisha. Nilipomwambia aliweka kalamu chini, akafunga kitabu alichokuwa anasahihisha. Nilifikiri atanifukuza, na ningekwenda. Badala yake alisema kwamba yeye ndiye aliyeniomba niongeze. Nikamwambia ni kweli aliniomba, lakini kopo nilikuwa nimelishika mimi. Akaniuliza kama Mama Moraa anajua. Nikasema anajua. Akafuta uso kwa kiganja, akaniambia kwamba tangu siku ile hajalala vizuri, na kwamba nilipaswa kumwambia siku ya kwanza ya uji. Hata hivyo aliinuka akanisindikiza hadi barabarani.

Sasa sikilizeni namna ya kuitoa, maana siku moja mtaihitaji. Kama kuna klia juu, anza na msasa wa maji wa namba mia sita. Sugua taratibu, maji mengi, mpaka maji yanayotiririka yageuke meusi. Hiyo ni rangi inatoka. Ukiona maji yanakuwa mekundu, simama, umeanza kula taa yenyewe. Kisha namba elfu moja, kisha elfu mbili, kisha dawa ya kung'arisha kwa kitambaa cha pamba. Taa moja huchukua karibu saa mbili. Kuitia giza huchukua asubuhi moja na ni raha tupu. Kuitoa inakuacha na vidole vilivyokunjamana kama vya mtu aliyefua blanketi.

Kila Jumapili tulikwenda, Mama Moraa na mimi, na ndoo, msasa na kitambaa, magari mawili kwa siku. Wengi walikubali wakishaiona ile plasta. Dada wa maabara alitupikia chakula. Mwimbaji alisema taa zake ni sehemu ya jina lake, kisha mama yake akatoka ndani akamwambia afungue buti. Mama Moraa alikuwa na kazi yake: nikimaliza, anakwenda nyuma ya gari hatua hamsini, na mimi nakanyaga breki. Akiona taa ananyoosha mkono mzima. Asiponyoosha, narudi kwenye ndoo.

Wa mwisho alikuwa Kenyenya, mbali na kwetu, mwenye teksi aitwaye Ontita, tuliyemkuta sokoni. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, na alitupokea vizuri mpaka aliposikia tulilokujia. Akakataa. Alisema wateja wanaijua teksi yake kwa taa zile, watoto wa shule wanaipungia mkono, na isitoshe hajawahi kugongwa. Nilijaribu kumweleza habari ya ukungu, akasema kwao Kenyenya hakuna ukungu kama wetu. Nilimwonyesha msasa, akaniambia niurudishe kwenye ndoo. Nilikuwa nimechoka. Nilianza kukusanya vitu vyangu.

Mama Moraa ndiye aliyemwomba jambo dogo. Alimwambia, "Mwanangu, mimi niache nikae hapo kwenye usukani. Wewe nenda nyuma, hatua hamsini, ugeuke. Nikikanyaga breki, unyooshe mkono."

Ontita akacheka, lakini alikuwa na adabu, na hakuweza kumkatalia mama mwenye plasta. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali kabisa. Mama Moraa hakuwa amewahi kukaa kwenye kiti cha dereva maishani mwake. Nilimwonyesha pedali ya katikati, akavua kiatu cha mguu wa kulia, akaweka mguu. Ontita akaenda, akihesabu hatua kwa sauti ili watu wa sokoni wacheke naye. Alipofika hamsini akageuka. Akasimama, mikono kiunoni, akitazama. Tulingoja. Mtu mmoja aliyekuwa na punda akasimama naye kutazama.

Baada ya muda akaita kutoka kule, "Mama, sasa kanyaga."

Mama Moraa akatoa kichwa dirishani. Hakuinua sauti sana, lakini soko lote lilikuwa limenyamaza.

"Nimekanyaga tangu ulipogeuka, mwanangu."

Ontita hakusogea. Aliinamisha kichwa kidogo, akapiga hatua chache mbele, akasimama, akapiga nyingine. Alikuwa amefika karibu nusu ya njia ndipo mkono wake uliponyooka, na uliponyooka haukuwa wa mzaha. Alikuja akaketi juu ya kizingiti cha duka. Akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba binti zake wawili huketi kiti cha nyuma kila asubuhi akiwapeleka shuleni. Kisha akaja kwenye ndoo, akauchukua msasa mwenyewe, na tukasugua, yeye taa ya kushoto na mimi ya kulia, mpaka maji yakawa meusi na mikono yetu pia.

Basi, mkitaka kupaka, njooni. Nitawafundisha koti moja, labda mbili kama taa ni pana. Msiguse taa ya kurudi nyuma, msiguse ya namba, wala kile kipande cha kurudisha mwanga. Na askari akiwasimamisha barabarani akawaambia mkaitoe, msibishane naye. Lakini kabla ya kuondoka kwangu mtu atasimama hatua hamsini, na ningependa awe mtu wenu wa nyumbani, mama au dada au mke, si rafiki wa kuwasifu.

Siku ile ya Kenyenya, tukiwa njiani kurudi, Mama Moraa aliilaza plasta mapajani, macho kwenye usukani. Nilidhani mkono unamuuma. Nilipomuuliza alisema alikuwa anafikiria kile kiti cha dereva, kwamba mtu akiwa pale anaona mambo mengi. Akasema plasta ikitoka anataka kujifunza kuendesha. Nikacheka, kisha nikaona hacheki.

Momanyi ndiye aliyemfundisha. Alijitolea mwenyewe, jioni baada ya shule, kwenye uwanja wa mpira. Mimi nilikatazwa kukaribia kwa sababu, walisema, napumua kwa sauti. Kifundo cha mkono wake hakikurudi sawasawa; hakigeuki mpaka mwisho, na hata leo chai bado anaichuma zaidi kwa kushoto. Lakini usukani anauweza. Kwa miaka hii yote yeye ndiye anayetupeleka kanisani, mimi nakaa upande wake na Biblia zote mbili mapajani.

Sabato iliyopita kulikuwa na ukungu tena, ule mzito. Mbele yetu kulikuwa na gari nisilolijua, na macho yangu yalikuwa juu yake kama kawaida, mguu wangu ukikanyaga breki ambayo haipo. Taa zake zikawaka nyekundu. Nilifungua mdomo kusema.

"Nimeiona, Baba Moraa," alisema, na gari letu lilikuwa tayari limepunguza mwendo.